Neno Hurudi

Kwetu Kuze salamu ni safari:
waambaje, na nyumba, na mguu wa mama,
na yule paka mgonjwa wa jirani,
mpaka chai ipoe ndipo mtu aseme alilojia.
Nami ndiye niliyeajiriwa kusema bila salamu.

Ngazi tisini na nne hadi mnarani.
Vioo pande zote, kiti kinacholia,
darubini ya Mwakio yenye mafuta ya mahamri,
na kipaza sauti cheusi
kisichojua habari za asubuhi.

Shuleni walinifunza kutaja namba mojamoja
kama mtu ahesabuye watoto wakivuka barabara.
Wakanifunza majina ya herufi,
na mwalimu aliposema Kilo, kisha Tango,
nikaiona mizani ya soko la Kongowea,
nikamwona mama akionja ncha, akitafuta lisilo chungu,
nikacheka hadi nikatolewa nje.
Mwaka wa kumi na moja huu, sicheki.
Bravo Kilo Tango ni watu tisa na makasha ya dawa.

Wahenga walisema neno likitoka halirudi.
Wahenga hawakukesha mnarani.
Huku neno sharti lirudi,
lirudi zima, kwa sauti ya mwingine,
nilikague meno kama mbuzi wa kununua,
ndipo niseme: sahihi.

Jumanne hiyo, mwezi wa tano,
mvua ilisimama wima baina yetu na Mikindani.
Nilimsikia kabla ya kuona taa zake:
sauti yenye kikohozi kidogo mwisho wa sentensi,
sauti niijuayo miaka minne bila uso.

"Mnara, Bravo Kilo Tango, maili sita, njia mbili moja."
"Kilo Tango, upepo moja tisa sifuri, noti kumi na nne,
ruhusa kutua, njia mbili moja."
"Ruhusa kutua, mbili moja, Kilo Tango."
Kikohozi.
Sahihi.

Kisha Mwakio akashusha darubini.
Mbwa.
Wa Magongo, wamepenya palipokatwa ua,
wamejilaza katikati ya lami
kwa kuwa lami ina joto na majani yamelowa.

Ulimi una mengi wakati kama huo.
Yarabi. Samahani. Ndugu yangu, kuna mbwa.
Nikachagua mawili:
"Kilo Tango, ghairi. Paa."

Nikangoja neno langu.
Moja. Mwakio amesahau kutafuna.
Mbili. Mvua kiooni.
Tatu.

"Naghairi, napaa, Kilo Tango."

Ngurumo ikapita juu yetu,
vikombe vikagongana kabatini,
na mbwa mmoja akainua kichwa, akakilaza tena.

Gari la zimamoto likawafukuza.
Akatua mara ya pili, taratibu,
nami nikaandika daftarini kwa kalamu nyekundu,
mkono ukitetemeka kwenye herufi ya mwisho.

Saa mbili zamu ikaisha.
Kwa Mama Mbeyu, nje ya lango, nimelowa viatu.
Mbele yangu mwanamume mfupi kuliko sauti yake,
ingawa sauti sijaisikia bado,
shati jeupe, mistari mabegani.
Mama Mbeyu anamhesabia:
mahamri manne, mbaazi, chai ya rangi.

"Mahamri manne, mbaazi, chai ya rangi," akajibu.
Kikohozi.

"Si ndivyo nilivyosema?" Mama Mbeyu akashangaa.

Salamu zote za Kuze zilinijaa kinywani,
mguu wa mama, na paka.
"Sahihi," nikasema.

Kijiko chake kikasimama hewani.
Hakugeuka upesi. Alipogeuka
hakuuliza jina.
"Kilikuwa nini?"
"Mbwa. Wanne."
"Mbwa, wanne," akarudisha,
akanisogezea kiti.